Mizani Tupu Isomwe Kwanza: Habari ya Gari Letu na Kipima Hewa cha Tabo



Wengi wenu mmetuuliza, wengine kwa barua na wengine kwa mdomo, habari ya gari la chama: je, limekufa au li hai? Jibu fupi ni kwamba gari li zima, tabo yake ni ile ile liliyonunuliwa nayo, na kilichobadilishwa ni kifaa kimoja kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Lakini jibu fupi halitoshi. Katika jambo hili chama kilikaribia kutupa fedha zenu, tena kilimdhulumu mtu. Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza yote tangu mwanzo, ili mwanachama mwenye gari lake au mwenye kukodi gari la mwenzake apate faida.

TABO NI NINI

Injini ya dizeli huchoma mafuta kwa kuyamimina katika hewa iliyobanwa mpaka ikawa moto. Ukitaka nguvu zaidi huna budi kuongeza mafuta, na ukiongeza mafuta bila kuongeza hewa, yale yasiyopata hewa hutoka nyuma kuwa moshi mweusi. Hapo ndipo tabo inapofaa. Ni mapanga mawili madogo yaliyofungwa katika mtaimbo mmoja. Panga la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka katika injini. Panga la pili, kwa kuwa limeungana na lile la kwanza, huvuta hewa safi na kuishindilia ndani. Gunia likishindiliwa hupokea karafuu nyingi kuliko lililojazwa ovyo, ijapokuwa gunia ni lile lile. Injini nayo ni hivyo hivyo.

Mtaimbo huo huweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kwa sababu hiyo tabo ni kitu cha thamani, na fundi akisema imekufa, mwenye gari hushika kichwa.

KIPIMA HEWA, YAANI SENSA

Kompyuta ya gari haiioni tabo. Ina karani wake anayeiletea habari, na karani huyo ndiye mafundi wanayemwita sensa. (Si sensa ya kuhesabu watu!) Ni kisanduku kidogo cha plastiki, aghalabu chenye waya tatu. Mara nyingine hukaa juu ya bomba la hewa lenyewe, na mara nyingine hukaa mbali kidogo, kikaunganishwa kwa mpira mwembamba. Ndani yake mna kipande chembamba cha silikoni ambacho hupinda kidogo hewa ikikisukuma. Kadiri kinavyopinda ndivyo volti inavyobadilika, na kompyuta huisoma volti hiyo na kujua hewa iliyomo ni kiasi gani. Kisha hukata shauri: mafuta yamiminwe mangapi, na tabo ikazwe au ilegezwe.

Basi karani akisema uongo, bwana wake hukosea hukumu. Karani akisema hewa ni kidogo hali ni nyingi, kompyuta huzuia mafuta na gari hukosa nguvu. Akisema hewa ni nyingi hali ni kidogo, mafuta huzidi na moshi hutanda. Na katika hali zote mbili tabo yenyewe yaweza kuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

YALIYOTUPATA

Gari letu lilianza kulegea kisiwani. Likiwa tupu lilikwenda, lakini likipakia magunia halikuchanganya, na taa ya injini ikawaka. Tulilipeleka kwa fundi. Akaunganisha mashine yake, ikatoka namba P0299. Akatwambia, "Tabo haitoi hewa ya kutosha. Imekufa, nunueni nyingine." Bei yake ingekula sehemu kubwa ya akiba ya chama. Kamati ikakaa, ikaulizana ni nani aliyeiua tabo, na kwa kuwa hakuna aliyependa kunyoosha kidole kwake mwenyewe, vidole vyote vikamwelekea dereva. Tukasema huzima injini kwa pupa ingali moto. Tukamwandikia barua ya onyo. Yeye alisema jambo moja tu: "Mabwana, mimi hungoja dakika mbili kila nizimapo." Hatukumsadiki.

Fedha za tabo mpya hazikuwa zimetoka bado ilipofika safari yetu ya Kilimanjaro. Tulikuwa tumealikwa na wakulima wa kahawa wa Kirua Vunjo, tukaone namna wanavyotunza mali ya shirika. Wenzetu wale wana mazoea marefu ya ushirika: chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Gari lilikuwa tupu isipokuwa watu watano na mizigo yao, tukaona litafika. Tulivuka kwa meli ya magari, tukafika Moshi salama, polepole.

Kutoka Moshi tulishika barabara ya Himo, na pale Uchira tukakata kushoto kuupanda mlima. Kwa wasiopafahamu, Kirua Vunjo ni nchi ya vihamba: migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake, na mifereji ya maji ikipita baina ya mashamba. Mtu wa Pemba hupaona si pageni sana kwa wingi wa kijani, ila baridi yake na mwinuko wake si wa kwetu. Huko ndiko gari letu lilikotuaibisha. Kila tulipopanda ndivyo lilivyozidi kufuka moshi mweusi. Watoto wa skuli waliokuwa wakipita kwa miguu walitupita.

Mwenyeji wetu, mzee mkulima, alimwita mpwa wake aliye fundi Himo. Kijana yule alifika jioni, akamwamkia dereva wetu kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Huko kwenu baharini, gari hili lilipimwa likiwa limezimwa?"

"Marahaba, mwanangu. Lilipimwa likiunguruma."

"Basi leo tulipime likiwa kimya."

Akaunganisha mashine, akafungua swichi bila ya kuwasha injini, akatuonyesha mistari miwili ya namba. Wa kwanza ni wa kipima hewa cha nje, ambacho katika gari letu kimo ndani ya kompyuta yenyewe. Ulisoma kilopaskali 85. Wa pili ni wa sensa ya tabo. Ulisoma 100.

Injini imezimwa. Tabo imesimama. Hewa iliyomo bombani na hewa iliyoko nje ni moja. Iweje mmoja aseme 85 na mwingine 100? Kijana akasema, "Mia ni hewa ya kwenu pwani, wazee. Karani huyu hajui kwamba mmepanda mlima."

KWA NINI MLIMA ULIMFICHUA

Hewa ina uzito, nasi twaishi chini yake kama samaki chini ya maji. Ukipanda, hewa iliyobaki juu yako hupungua, na msukumo wake hupungua pia. Jambo hili lilithibitishwa tangu mwaka 1648, pale Florin Périer, shemeji yake mtaalamu Pascal wa Ufaransa, alipopanda mlima wa Puy de Dôme na mrija wa zebaki, na zebaki ikateremka kadiri alivyopanda. Na tabo nazo zina deni kwa milima. Mwaka 1918 Sanford Moss wa Marekani aliipandisha injini ya ndege hadi juu ya mlima wa Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200, ili aonyeshe kwamba tabo yaweza kuirudishia injini nguvu inayopotezwa na wepesi wa hewa. Ikaweza.

Kwa hesabu ya karibu, kila mita 90 unazopanda hupunguza kilopaskali moja. Hivi ndivyo kipima hewa kizima kinavyopasa kusoma injini ikiwa imezimwa:

Ufukweni Pemba, Unguja, Tanga au Dar es Salaam: 101 hivi.
Moshi mjini: 92 hivi.
Arusha mjini: 86 hivi.
Kirua Vunjo, penye mita 1,500: 85 hivi.
Nairobi: 83 au 84.

Sasa mtaona kwa nini fundi wa pwani hakugundua. Hata angalilipima gari likiwa limezimwa, sensa yetu ingalisoma 100, na 100 pwani ni karibu na kweli. Saa iliyosimama husema kweli mara mbili kwa siku. Sensa iliyokwama kwenye 100 husema kweli maadamu gari limezimwa kando ya bahari. Uongo wake ulikuwa unatokea injini ikifanya kazi: tabo ilisukuma hewa, naye akaendelea kusema 100, 100, 100. Kompyuta ikaona hewa haiongezeki, ikaandika P0299, ikazuia mafuta. Na mlimani, kabla tabo haijashika kasi, hewa ilikuwa 85 naye akisema 100, basi mafuta yakazidi hewa. Moshi mweusi ulikuwa huo.

NAMNA YA KUPIMA, HATUA KWA HATUA

Kijana alitufundisha utaratibu, nasi tuliuandika. Hauhitaji karakana kubwa. Wahitaji mashine ya kusomea kompyuta ya gari na mita ya umeme.

1. Soma mizani tupu. Injini iwe imezimwa na imetulia. Fungua swichi, usiwashe. Namba ya sensa ilingane na hewa ya mahali ulipo. Ikipishana na kipima hewa cha nje kwa kilopaskali mbili tatu si neno. Ikipishana kwa kumi, pana jambo. Angalia pia namna mashine yako inavyohesabu. Baadhi ya mashine huonyesha nyongeza ya tabo peke yake, na hapo injini ikiwa imezimwa yapasa isome sifuri.

2. Tazama namba ikitembea. Gari liende kwenye kilima au na mzigo, mtu wa pili asome mashine. Dereva atazame njia. Mguu ukikanyaga mafuta, namba ipande mara. Mguu ukiondoka, ishuke. Katika magari mengi ya dizeli, tabo ikifanya kazi barabara namba hufika karibu na 200 au kupita. Namba ikiganda, au ikipanda kwa kuchelewa kama mgonjwa, endelea na hatua ya tatu.

3. Chunguza njia ya hewa ya sensa. Zima injini. Kama sensa ina mpira wake, uchomoe, na kama imefungwa juu ya bomba, ifungue uitoe. Tazama tundu lake. Masizi na mafuta huganda humo mpaka yakaziba kabisa. Sasa soma namba tena, sensa ikiwa wazi hewani. Ikirudi kwenye hewa ya mahali, sensa ni nzima na kilichoziba ni mpira au tundu la bomba: safisha, kazi imekwisha. Isiporudi, kosa limo katika sensa au katika waya. Usimchokoe karani kwa msumari. Kile kipande cha ndani ni chembamba mno.

4. Pima waya. Chomoa plagi yake. Itazame kama ina kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya kwetu huila shaba upesi. Swichi ikiwa wazi, waya mmoja uwe na volti 5, mmoja uwe wa kurudishia umeme, na wa tatu ndio unaopeleka habari. Usitoboe waya, wala usitumie balbu ya kujaribia, kwani yaweza kuiunguza kompyuta. Kisha tazama mashine: plagi ikiwa imechomolewa, namba yapasa iruke hadi mwisho mmoja, chini kabisa au juu kabisa. Ikiruka, waya wa habari na kompyuta vyasikilizana. Isiporuka, kosa lina dalili ya kuwa katika waya au katika kompyuta.

5. Jaribu kwa pampu. Pampu ya mkono yenye kipimo chake huweza kuunganishwa na sensa. Ukiongeza kilopaskali 50, namba nayo iongezeke 50. Yafaa sana kwa sensa inayosoma sawa injini ikiwa imezimwa lakini ikadanganya mzigoni.

6. Sensa ikiwa kweli, ndipo uitazame tabo. Na hata hapo usianze na tabo yenyewe. Anza na mipira mikubwa ya hewa na vibano vyake, kipoza hewa kama kimetoboka, na chujio kama kimejaa vumbi. Fuatisha vijiti na mipira inayoendesha mapanga ya tabo. Mwisho, injini ikiwa imepoa, shika mtaimbo wa tabo kwa vidole: ukicheza sana, ukigusa kuta, au pakiwa na mafuta mengi, basi maneno ya fundi yana haki.

Kwetu sisi hatua ya tatu ilionyesha masizi yaliyoganda ndani ya tundu la sensa yenyewe. Mpira ulikuwa wazi. Sensa ilipoachwa wazi hewani ilibaki 100. Hatua ya nne, namba iliruka. Volti 5 ilikuwako. Kijana alikagua mtaimbo wa tabo, akatuita tuuguse sote, mmoja mmoja. Ulikuwa thabiti na mkavu.

NENO JUU YA ZILE NAMBA ZA MASHINE

Mashine ikitoa P0235, P0236, P0237 au P0238, inasema habari ya sensa ya tabo na umeme wake. P0237 ni volti iliyo chini mno, na P0238 ni iliyo juu mno. P0299 ni kwamba hewa ya tabo ni pungufu, na P0234 ni kwamba imezidi. Lakini angalieni: hata P0299 imeandikwa kwa ushahidi wa yule yule karani. Namba ni maneno ya shahidi, si hukumu ya kadhi. Shahidi hutazamwa kwanza kama ni mwaminifu, ndipo ushahidi wake ushikwe. Fundi anayesoma namba na kutaja bei papo hapo amehukumu kabla ya kusikiliza.

Wala msidhani kwamba kila mara kosa ni sensa. Mtu akibadilisha sensa bila ya kupima ni sawa na yule anayebadilisha tabo bila ya kupima, ila hasara yake ni ndogo.

TULIVYOREJEA

Sensa mpya ilipatikana siku ya pili. Bei yake haikufika sehemu moja ya ishirini ya bei ya tabo. Ilipofungwa, kabla ya kuwasha injini, kijana alifungua swichi: 85 na 85. Tukapanda kilima kile kile kilichotuaibisha, na mara hii hapakuwa na moshi. Wakati wa kurudi mmoja wetu alikaa na mashine mapajani. Moshi ikasoma 92. Tulipokuwa tukingoja meli Dar es Salaam, swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, ilisoma 101. Dereva wetu aliitazama ile namba kwa muda, asiseme neno.

Sisi ndio tuliopaswa kusema, na twasema sasa mbele ya wanachama wote. Kamati imeifuta barua ya onyo, na nakala yake imetolewa katika faili. Tumemwomba radhi, naye amepokea. Kila mkulima wa karafuu, kabla ya kukubali uzito wa gunia lake, huitazama kwanza mizani ikiwa tupu. Hapana anayekubali kuambiwa karafuu zake ni pungufu na mizani isiyorudi kwenye sifuri. Jambo hilo twalijua tangu utotoni, tena twaligombania. Hata hivyo ilipofika zamu ya kumpima mtu wetu wenyewe, tulisahau kuitazama mizani.

Tangu sasa katika gari pamewekwa daftari. Kila mwezi, kabla ya kuwasha injini asubuhi, dereva ataandika namba ya sensa na mahali gari lilipo. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Wanachama wenye magari ya dizeli twawashauri wafanye vivyo hivyo, na anayetaka kuona inavyofanywa na afike ofisini. Dereva wetu amekubali kumwonyesha.

Wasalaam,
Katibu, kwa niaba ya Kamati